Rufiji: Daraja limejengwa, kingo za mto zimesahaulika

Zaidi ya miaka 20 imepita tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe katika Mto Rufiji mwaka 2003. Kabla ya hapo, msafiri aliyetoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara alilazimika kusubiri kivuko pale Ndundu. Malori yalipanga foleni, na mvua za masika zilipopamba moto safari za kusini zilikuwa za kubahatisha. Barabara iligeuka tope, bei za bidhaa madukani zikapanda, na mkulima akauza mazao yake kwa bei ya kutupa kwa mfanyabiashara yeyote aliyethubutu kufika.

Daraja hilo lenye urefu wa mita 970 liliondoa adha ya kivuko. Hakuna anayeweza kubeza kazi hiyo. Leo basi linaloondoka Dar es Salaam asubuhi linafika Mtwara siku hiyo hiyo, na korosho, ufuta, samaki na bidhaa za viwandani vinapita juu ya mto usiku na mchana.

Hata hivyo, wakulima na wafanyabiashara wadogo wa bonde la Rufiji wana haki ya kuuliza swali moja la msingi: je, wao wanaoishi kandokando ya mto wamepata nini? Malori makubwa yanapita Ikwiriri yakielekea kusini, lakini gunia la mpunga lililoko kijijini, mbali na barabara kuu, bado linatolewa shambani kwa bodaboda, baiskeli au mtumbwi. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, halitoki kabisa.

Uchumi wa eneo haufufuki kwa kuvusha magari pekee. Unafufuka pale mwenye shamba anapoweza kufikisha mzigo wake barabarani kwa gharama nafuu, akaupima kwa mizani ya haki, akauhifadhi mahali pakavu na kuuza kwa wakati anaoutaka yeye. Kazi hiyo hufanyika kwenye kingo za mto na kwenye barabara za vijijini, na huko ndiko uwekezaji ulikokuwa mdogo. Umefika wakati wa kubadili utaratibu huo.

Daraja kwanza, barabara baadaye

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa, kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kilikuwa bado cha vumbi wakati wa kiangazi na cha tope wakati wa masika. Lami ya kipande hicho ilikamilika zaidi ya miaka 10 baadaye. Kwa muda wote huo nchi ilikuwa na daraja la kisasa ambalo magari yakishalivuka yaliweza kukwama mwendo mfupi mbele yake. Fedha nyingi zilikuwa zimelala juu ya maji zikisubiri barabara.

Katika kipindi hicho, walionufaika mapema ni wale waliokuwa na mtaji na malori tayari. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza jinsi biashara ya magogo ilivyoshamiri kusini mwa Tanzania baada ya daraja kufunguliwa. Ilieleza pia jinsi serikali kuu na halmashauri zilivyopoteza sehemu kubwa ya mapato yaliyostahili kukusanywa, huku wanavijiji wenye misitu wakiambulia kidogo mno kwa kila mti uliokatwa.

Funzo la jambo hilo ni rahisi kulielewa. Njia inapofunguka ghafla, anayewahi kupita ni yule aliyejiandaa. Kijiji kisichokuwa na ghala, mizani, ushirika wala taarifa za bei hakina cha kujitetea mbele ya mnunuzi mwenye fedha taslimu mkononi. Badala ya daraja kumpeleka mkulima sokoni, humleta mlanguzi mlangoni kwake.

Hali inayofanana na hiyo imeonekana pia sehemu ya juu ya bonde, katika Mto Kilombero, ambao huungana na Mto Luwegu na kuunda Rufiji. Kwa miaka mingi wakazi wa Ulanga na Malinyi walitegemea kivuko karibu na Ifakara ili kufikisha mpunga wao sokoni na kurudi na mahitaji. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama. Daraja lenye urefu wa mita 384, ambalo sasa linaitwa Daraja la Magufuli, lilizinduliwa Mei 2018. Lakini barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa takriban kilomita 67, ambayo ndiyo njia ya mazao ya eneo hilo kuelekea Mikumi na masoko ya Morogoro na Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 2024. Ni miaka 6 baada ya daraja.

Kwa hiyo si suala la Rufiji ya chini pekee. Utaratibu umekuwa kujenga daraja kwanza, barabara kuu ikafuata baada ya miaka kadhaa, na barabara za vijijini, maghala na magati yakabaki kwenye orodha ya mipango.

Kalavati moja, mikoa miwili

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, mvua kubwa zilinyesha Lindi na Mtwara. Barabara kuu ya kusini ilikatika katika maeneo kadhaa wilayani Kilwa, likiwemo la Somanga. Kwa siku kadhaa mabasi na malori yalikwama pande zote mbili, abiria wakalala njiani na mizigo inayoharibika haraka ikapata hasara. Aprili 2025 mawasiliano yalikatika tena katika eneo hilo la Somanga.

Ikumbukwe kuwa Daraja la Mkapa halikuanguka katika matukio hayo. Kilichoangusha safari ni madaraja madogo, makalavati na matuta ya barabara yaliyozidiwa na maji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mitaro iliyojaa mchanga na kalavati lenye mdomo mwembamba kuliko kijito chenyewe ni nyufa ambazo kila fundi wa barabara anazijua, na gharama ya kuzishughulikia kabla ya masika ni ndogo kuliko gharama ya kujenga upya baada ya mafuriko.

Ujenzi wa madaraja mapya ya kudumu katika barabara hiyo ulifuata baada ya maafa hayo, na ni hatua ya kupongezwa. Lakini barabara za wilaya na vijiji hazina mbadala wala hazipati kelele za magazetini zinapokatika. Barabara kuu ikikatika, taifa zima linajua ndani ya saa moja. Njia ya kijiji ikikatika, anayejua ni mama mwenye tenga la nyanya na kijana mwenye magunia 10 ya ufuta yanayosubiri mnada.

Hesabu ya gunia

Ili kuelewa ukubwa wa tatizo, hesabu ndogo ya mfano inatosha. Tuseme mkulima amevuna magunia 30 ya mpunga. Kwa kuwa njia haipitiki kwa lori, kila gunia linatolewa shambani kwa bodaboda kwa Sh 8,000. Njia ingekuwa ya changarawe yenye mitaro mizuri, fuso lingefika na kila gunia lingetoka kwa Sh 3,000. Tofauti ni Sh 5,000 kwa gunia, sawa na Sh 150,000 kwa msimu mmoja. Fedha hiyo ni mbegu bora, ni mbolea, ni ada na sare za watoto.

Hiyo ni gharama inayoonekana. Ipo nyingine isiyoonekana. Mkulima anayejua kuwa njia itafungwa wakati wa mvua hana uwezo wa kusubiri bei ipande. Anauza mapema, mara nyingi shambani. Huko ndiko lumbesa inakozaliwa, gunia likajazwa hadi kichwa kikashonewa kamba, na bei ikabaki ya gunia moja. Kwa wakulima wa korosho, huko ndiko kangomba inakostawi, mnunuzi akachukua mzigo kwa bei ya chini kabla haujafika kwenye chama cha msingi.

Serikali imepiga vita lumbesa na kangomba kwa miaka mingi, kwa matamko, kwa doria na kwa faini. Hatua hizo zina nafasi yake. Lakini mkulima aliyezungukwa na maji, asiye na ghala wala usafiri, atauza kwa anayefika. Barabara inayopitika na ghala lililo karibu vitapunguza kangomba kuliko doria 10 za usiku.

Mfanyabiashara mdogo naye yumo katika hesabu hiyo. Mwenye duka kijijini analipa nauli kubwa kuleta sukari, sabuni na mafuta ya taa, na gharama hiyo anaihamishia kwa mteja. Mchuuzi wa samaki wa kutoka kwenye delta anapoteza barafu na samaki njiani. Mwenye mashine ya kukoboa anashindwa kupata vipuri kwa wakati, na mashine ikisimama wiki mbili wakati wa mavuno, msimu wake umeharibika.

Ukingo wa mto nao ni miundombinu

Watu wengi wakisikia neno miundombinu huwaza lami na zege. Kwa mkazi wa Rufiji, mto wenyewe ni barabara. Katika delta, ambako Rufiji inagawanyika katika matawi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, kuna vijiji ambavyo njia yake ya uhakika ni mtumbwi au mashua. Ndiko uliko msitu mkubwa wa mikoko, ambao kwa karne nyingi ulitoa boriti zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba. Biashara ya majini si jambo geni kwa watu hao. Kilichokosekana ni mahali salama pa kupakia na kushusha.

Mfano wa kinachowezekana upo. Pale Nyamisati, wilayani Kibiti, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) ilijenga gati, na kivuko cha MV Kilindoni kikaanza kuhudumia wakazi wa Mafia. Bandari ndogo yenye gati la uhakika huleta mama ntilie, wauza vocha, wapagazi, wenye majokofu na madereva wa bodaboda. Mzigo unakuwa na saa ya kuondoka na mahali pa kusubiri. Hayo ndiyo maendeleo ya ukingo wa mto ambayo mwananchi anayaona kwa macho.

Vijiji vya delta na vya kandokando ya mto havihitaji gati la ukubwa huo. Vinahitaji ngazi za zege zisizoteleza, jukwaa la kupakia lililo juu ya kina cha maji ya masika, paa la kukinga mzigo na mvua, mizani iliyokaguliwa, choo na taa. Kazi ya aina hiyo inaweza kufanywa na mafundi wa wilayani kwa mchanga na mawe ya karibu, na halmashauri ikaisimamia yenyewe.

Jambo la pili ni maghala. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipata sheria yake mwaka 2005, na kwa wakulima wa korosho na ufuta umekuwa njia kuu ya kuuza. Lakini mfumo huo unamsaidia aliye karibu na ghala. Kwa aliye mbali, usafirishaji hadi ghalani unakula faida kabla mnada haujaitishwa. Maghala madogo ya kukusanyia, yaliyojengwa katika maeneo ya mwinuko ambayo mafuriko hayafiki, yangefupisha safari hiyo na kukipa chama cha msingi uwezo wa kukodi lori moja kwa wanachama wote.

Jambo la tatu ni taarifa za maji. Kwa vizazi vingi mkulima wa Rufiji ameishi na mafuriko. Maji yakipungua, alipanda mahindi na kunde kwenye udongo wenye rutuba ulioachwa na mto, kilimo kinachojulikana huko kwa jina la mlau. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Masika ya mwaka huo mafuriko yalifunika makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti.

Bwawa limeipa nchi umeme mwingi, na hakuna sababu ya kulifanya adui wa mkulima. Lakini tangu lijengwe, mto hauendeshwi na mvua peke yake. Mkulima anayepanga kupanda bondeni anahitaji kujua mapema maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani, kwa lugha nyepesi, kupitia redio, ujumbe wa simu, vipaza sauti vya misikitini na makanisani, na ofisi za vijiji. Gharama ya matangazo hayo haifikii gharama ya ekari chache zilizozama.

Fedha na wajibu

Wapo watakaosema fedha hazitoshi, na kwamba barabara ya kijiji yenye magari machache haiwezi kupewa kipaumbele sawa na barabara kuu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Udongo wa bonde ni laini, changarawe hutolewa mbali, na njia moja ya kilomita chache yaweza kuhitaji makalavati mengi. Hakuna serikali inayoweza kuweka lami kila kijiji kwa mara moja.

Lakini kuhesabu magari pekee ni kipimo chenye kasoro. Njia isiyopitika haiwezi kuwa na magari. Kipimo cha haki kwa barabara ya wakulima ni magunia yanayozalishwa kandokando yake na hasara inayopatikana inapofungwa. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ulioanzishwa mwaka 2017 una wahandisi katika wilaya. Vyama vya msingi vina madaftari ya kilo zilizopokelewa. Vikikaa meza moja, vinaweza kupanga ni njia zipi 5 katika kila wilaya zikifunguliwa zitatoa mzigo mwingi zaidi.

Kuhusu chanzo cha fedha, mwananchi tayari anachangia. Mwaka 2021 tozo ya Sh 100 iliongezwa kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Mkulima anailipa kila anapopanda bodaboda na kila anaponunua dizeli ya pampu. Aidha, ushuru wa mazao hukusanywa na halmashauri kila msimu. Mwaka 2017 viwango vyake vilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, nafuu iliyopokelewa vizuri. Kinachotakiwa ni uwazi. Kila kijiji kibandike kwenye ubao wake kiasi cha ushuru kilichokusanywa humo na kilomita za njia zilizotengenezwa. Mkulima akiona kalavati limejengwa, hatakwepa kizuizi cha ushuru usiku.

Kwa upande wao, wakulima nao wana wajibu. Barabara ikishachongwa, anayelima hadi ndani ya mtaro anaiua. Anayepitisha ng'ombe juu ya tuta jipya wakati wa mvua anaiua pia. Serikali za vijiji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo na kuweka siku za kusafisha mitaro kabla ya mvua. Vyama vya msingi navyo visitumike kama mwavuli wa viongozi wachache. Ghala likijengwa kisha mizani ikachezewa, mwanachama atarudi kwa mlanguzi, na hakuna mtu atakayemlaumu.

Halmashauri za Rufiji, Kibiti, Kilwa, Kilombero, Ulanga na Malinyi zina jambo moja linalofanana: utajiri wao uko bondeni na soko lao liko ng'ambo. Hapo zamani lilikuwapo shirika la kuendeleza bonde zima, RUBADA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975 na baadaye likavunjwa. Si lazima kuunda shirika jingine lenye magari na majengo. Lakini inafaa wilaya hizo zikutane kila mwaka kabla ya bajeti, zikubaliane njia na magati ya kuanza nayo, na kuyapeleka Dodoma kwa sauti moja.

Serikali kuu nayo inapaswa kuweka sharti jepesi katika kila mradi wa daraja kubwa utakaofuata: mkataba wa daraja usitiwe saini bila mpango wenye fedha na tarehe kwa ajili ya barabara za vijiji vya pande zote mbili, angalau ghala moja kila upande, na mahali pa kushushia mizigo ya majini. Fungu hilo litakuwa dogo likilinganishwa na gharama ya nguzo za daraja lenyewe, na ndilo litakalofanya nguzo hizo zirudishe fedha zake.

Masika mengine yatakuja, kama yalivyokuja mwaka 2024 na 2025. Mito itajaa na wahandisi watajua ni wapi maji yatapita, kwa sababu yalipita hapo hapo mwaka uliotangulia. Wakurugenzi wa halmashauri na mameneja wa TARURA wa wilaya za bonde hawana haja ya kusubiri kikao kikubwa ili kuanza. Waanze na mitaro na makalavati ya njia zinazotoa mzigo mwingi, kabla mvua ya kwanza haijanyesha.